Mtaro wa Magarama na Jiko la Generoza

Nyinyi vijana mliopewa jileti, hivi vizibao vya rangi ya chungwa, na makoleo mapya, ambao nawaona mkishuka barabara ya Magarama mkicheka, hebu simameni kidogo. Sitawachelewesha. Nimestaafu, magoti yangu yamekwisha, lakini mdomo bado unafanya kazi, na kuna jambo linanikera kiasi kwamba nisipolisema leo nitaugua.

Jana mlisafisha mtaro mbele ya duka la unga. Kazi mlifanya, sikatai, na jasho lenu niliona. Lakini yale matope mliyoyatoa, zile chupa na yale maganda ya ndizi, mliyaweka wapi? Pembeni ya mtaro huohuo, yamepangwa vizuri kama mikate dukani! Jioni mvua ikanyesha. Leo asubuhi nimepita, matope yote yamesharudi ndani, yamelala palepale mlipoyakuta. Sasa mlifanya kazi au mliyatembeza matope?

Na kingine. Mlianzia juu. Nani aliwafundisha kuanzia juu? Mtaro husafishwa kuanzia chini, pale maji yanapotokea, halafu unapanda nao. Ukianzia juu, unachofungua kinateremka kwenda kuziba mbele, na unafika chini ukiwa umechoka, ukikuta mlima wa taka ulioutengeneza mwenyewe. Niliwaambia watu jambo hili miaka nenda rudi. Nitaendelea kuwaambia mpaka wanifukie, na najua kaburi langu nalo watalichimba mahali maji yanapopita.

Mnakicheka Kiswahili changu, mnasema naongea kama redio ya Tanzania. Nilikulia huko, kambini Kigoma, wazazi wangu walipokimbia vita. Tuliporudi Burundi nilikuwa binti mkubwa mwenye mikono miwili na sina shamba. Nikapata kibarua Muyinga, kwenye barabara, kuchimba mitaro. Kanivo, kama wanavyosema hapa. Wanaume waliokuwa pale walitabiri kwamba nitaondoka kabla ya Jumapili. Aliyenipokea bila kunitabiria chochote alikuwa kapita wetu, mzee Liberi, msimamizi wa kundi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kumwamsha aliyezimia, na siku zote alibeba mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mwavuli ule ulikuwa wa kunyooshea watu na wa kupimia kina cha maji.

Siku ya mvua yangu ya kwanza kazini, anga ilipasuka mchana, na sisi sote tukatupa sururu tukakimbilia chini ya baraza la soko. Mzee Liberi akabaki katikati ya barabara, maji yakimchuruzika kwenye masikio.

"Munakimbia nini?" akatupigia kelele. "Kazi ndiyo iko inaanza! Jua likiwaka munaona shimo tu. Njoo muone maji!"

Tukatoka, tukinung'unika. Akatutembeza katika mvua ile kutoka juu ya mji hadi bondeni. Hakutuonyesha mtaro hata mmoja. Alituonyesha maji: yalipoanzia kwenye mabati ya nyumba, yalipokutana na maji ya nyumba nyingine, yalipoacha mtaro na kukata kona kupitia uani kwa mtu, yalipobeba udongo mwekundu na yalipoutua. Ndipo nikaelewa kwamba mitaro yetu mingi tulikuwa tumeichimba pale palipokuwa rahisi kuchimba. Maji yenyewe yalikuwa yakipita kando, yakitudharau. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha mimi hutoka. Majirani zangu walidhani nina kichaa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinipa koti bila kuuliza.

Msidhani mzee Liberi hakukosea. Alijenga mtaro mmoja kutoka barabarani hadi bondeni, wa mawe na saruji, umesuguliwa laini, umenyooka kama rula. Alikuwa akiwaleta wageni kuutazama. Mvua kubwa ya kwanza, maji yalishuka ndani ya mtaro ule kama yamefyatuliwa, yakaruka mwisho wake na kuchimba shimo katikati ya shamba la maharage la mzee mmoja wa bondeni. Mzee huyo alipanda mlima na mashina ya maharage yake, matope yakidondoka, akayaweka taratibu juu ya viatu vya Liberi.

"Umenitumia maji," akamwambia. "Nimeyapokea."

Liberi hakujitetea. Aliteremka naye, akasimama juu ya lile shimo kwa muda mrefu, mwavuli ukining'inia. Wiki iliyofuata tulivunja mtaro wote uliokuwa ukisifiwa, tukaujenga upya kwa ngazi za mawe, na chini tukatandaza mawe makubwa yasiyosuguliwa. Alikuwa akipita nyuma yetu akisema, "Maji ikishuka mlima, inapaswa ichoke njiani. We ukiipa njia laini, itafika chini na nguvu yote, na chini kuko mtu." Nimeona mainjinia, makapita na wakandarasi wengi baada yake, na nusu yao bado wanapenda mitaro laini kwa sababu inapendeza kwenye picha. Inanitia hasira mpaka leo.

Baadaye mume wangu alihamishiwa Gitega, nami nikamfuata, na kwa kuwa nilikuwa na barua nzuri kutoka Muyinga nikapewa ukapita wa kundi la Magarama. Hapo ndipo ugonjwa wangu wa presha ulipoanzia.

Magarama mnaijua, lakini nataka muitazame kama maji yanavyoitazama. Juu kuna Mushasha, shule na nyumba za kanisa, mapaa makubwa ya mabati yanayong'aa. Katikati kuna sisi, maduka na nyumba zilizobanana. Chini kuna korongo, lile shimo refu ambalo mvua imelichimba ubavuni mwa mlima, na chini ya korongo kuna bonde lenye chemchemi, ambalo kijito chake kinakwenda zake mpaka mto Ruvubu. Kila tone linaloangukia Mushasha linapita mlangoni kwetu, linaingia korongoni, na linafika bondeni likiwa na udongo wetu, mifuko yetu na aibu yetu.

Karibu na kichwa cha korongo alikaa Generoza. Tulikuwa kambi moja kule Kigoma, tulichota maji bomba moja, tukarudi nchini mwaka mmoja. Yeye alipata kipande cha ardhi pale, akajenga nyumba ndogo na jiko la nje la matofali mabichi, akalima bondeni. Korongo lilikuwa mbali na jiko lake alipojenga. Kila mwaka likasogea. Korongo halikui kwenda chini, vijana, linakula kurudi nyuma, kuelekea kule maji yanakotoka. Generoza alikuwa akiniambia, kwa mzaha, kwamba jirani yake anajenga bila kibali.

Na juu ya barabara, upande wa pili, kulikuwa na duka la Hadji Bakari: mabati, misumari, rangi, makufuli. Familia yao ni ya zamani hapa Gitega, watu wa biashara na ufundi, wanaheshimika, na Hadji mwenyewe ni mtu mkarimu ambaye hakuna msiba wa Magarama aliokosa kupeleka mchele. Nalisema hili mapema kwa sababu mtamchukia sasa hivi, na mimi sitaki mmchukie.

Hadji aliufunika mtaro. Mbele ya duka lake lote, alimwaga zege nene juu ya mtaro, bila kifuniko cha kuinua, bila tundu hata la kupitisha mkono, ili gari la mizigo lipande mpaka mlangoni. Nilikwenda kumwona.

"Hadji, hii zege tutasafishaje chini yake?"

"Mama Deo, karibu chai kwanza."

"Chai nitakunywa. Tutasafishaje?"

"Bon, we usihangaike. Maji iko inapita chini, si unaona? Mi niliacha nafasi kubwa, hata mbuzi anapita."

"Mbuzi anapita leo. Mwakani hatapita panya."

"Mwakani Mungu anajua."

Nilikunywa chai nyingi sana katika duka lile. Kila nilipokwenda, chai ilikuwa tamu na jibu lilikuwa lilelile. Nikaenda kwa mkuu wa kartye, yaani wa mtaa wetu, akasema tutaona. Nikaenda komini, ofisi ya serikali ya mji, wakasema tutaona. Nchi hii, mambo yote yanayoonwa yangekuwa yanatendwa, tungeishi peponi. Wakati huo maji yalikuwa yakileta chupa na matambara, yakiyasukuma chini ya ile zege, gizani, mahali hakuna jicho wala koleo lililofika.

Ikaja mvua ya Aprili. Ilikuwa mchana, Ijumaa, watu wametoka msikitini. Niliposikia matone ya kwanza juu ya bati nikavaa koti. Nilipofika mbele ya duka la Hadji, maji yalikuwa yameshafika kwenye ile zege, yamegonga, yamekosa njia, yamegeuka. Yakapanda juu ya barabara, yakaivuka yote kwa upana wake, yakaingia kwenye kijia kinachoshuka kati ya nyumba. Nilijua kijia kile kinaelekea wapi. Nikaanza kukimbia, nikiteleza, nikipiga kelele jina la Generoza kabla hata sijaiona nyumba yake.

Alikuwa jikoni. Alikuwa amepika maharage, moto unawaka, moshi unatoka, na maji mekundu yanapita pande zote mbili za jiko kama ng'ombe wanaotoka malishoni. Nyuma ya ukuta, ukingo wa korongo ulikuwa ukidondoka vipande vipande. Unausikia kabla ya kuuona: mlio mzito, kama mtu anayeangusha gunia.

"Generoza, toka!"

"Ngoja niepue chungu!"

"Acha chungu!"

"Yameiva, dada!"

Nilimshika mkono nikamvuta, naye akavuta kurudi ndani, wanawake wawili wazima tunagombania chungu cha maharage na mlima unaondoka chini ya miguu yetu. Ndipo nikaona mkono mwingine. Hadji Bakari alikuwa ameyafuata maji yake. Kanzu yake nyeupe ya Ijumaa ilikuwa nyekundu mpaka kiunoni, kofia imepotea, kiatu kimoja hakipo. Alimkumbatia Generoza kiunoni, akamwinua na chungu chake mkononi, akatoka naye. Tulikuwa tumefika kwenye mgomba wa jirani wakati jiko lilipokwenda. Halikuanguka kwa kishindo. Liliketi tu, likainamia nyuma, likaingia korongoni na moto wake, na moshi ukapanda kutoka chini.

Generoza alikaa chini kwenye matope, chungu mapajani. Hadji alisimama akihema. Akatazama kule juu alikotoka, akatazama lile shimo, akarudia kutazama juu. Sikuhitaji kumwambia kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza.

Kesho yake tulishuka bondeni. Chemchemi haikuwepo. Palikuwa na uwanja wa matope, jiwe la jiko, kopo, na mabidoni ya njano ya watu waliokuja kuchota wakakosa mahali pa kuchotea.

Ilikuwa Jumamosi, na tuliporudi juu, badala ya kazi za pamoja tulizopangiwa, watu wote wa mtaa walikusanyika barabarani kugombana. Huyu alisema ni komini. Yule alisema ni watu wa Mushasha. Mwingine alisema ni Mungu, na mwingine akamwambia Mungu hatupi chupa. Hadji alipopata nafasi alisema, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba atampa Generoza mabati na matofali ya kujenga jiko jipya, zuri kuliko lile.

Generoza alikuwa amekaa juu ya jiwe. Akasimama.

"Hadji, asante, umenitoa ndani na sitasahau. Lakini nikijenga jiko jipya, maji yatakuja kulichukua na hilo. Mimi sitaki jiko. Nataka maji yarudi njia yake."

Hadji akatazama duka lake.

"Lete nyundo," akamwambia ndugu yake.

Alianza kuivunja zege yake mwenyewe, mbele ya mtaa mzima. Hakujua kuvunja, aliipiga kama anayeua nyoka, tukamwonya atajivunja mguu, mpaka waashi wawili wakamwonea huruma wakachukua nyundo. Ilipofunguka, harufu ilitusogeza nyuma wote. Chini ya ile nafasi ya kupitisha mbuzi kulikuwa na nusu godoro, viatu, matambara, mahindi yaliyoota, na makopo. Makopo mengi ya rangi, yenye nembo ya rangi inayouzwa na duka moja tu pale Magarama. Hadji aliokota kopo moja, akaligeuza.

"Hii iko yangu," akasema polepole.

"Yote iko yako, Hadji," akajibu mwashi, na hapo watu wakacheka, na yeye pia akacheka, ingawa macho yake hayakucheka.

Sasa hapa ndipo wengi wanapomaliza hadithi. Zege imevunjwa, mtaro umefunguka, tupige makofi twende nyumbani. Laiti! Tulisafisha mtaro mzima, kuanzia chini, matope tukayapeleka mbali kwa mikokoteni. Tukaweka vifuniko vyenye vishikio, vya kuinuliwa na watu wawili. Mvua iliyofuata, maji yalipita vizuri sana, haraka sana, na yote kwa pamoja yakamwagika korongoni. Korongo likala mgomba.

Wakati huo komini walikuwa wametuletea injinia kijana, Arlette, msichana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko yeye. Nilitegemea ataniletea michoro. Alikuja siku ya mvua, akanikuta nje, akasimama karibu nami, tukalowa pamoja. Hapo nikaanza kumpenda.

"Mama Deo," akasema, "tukisafisha tu, tunalilisha korongo. Twende juu tukaone maji yanazaliwa wapi."

Alisema kweli kabisa. Tukapanda mpaka Mushasha. Kulikuwa na shule moja ya masista, jina lake silitaji kwa sababu haikuwa peke yake. Mapaa marefu, bati jipya, na hakuna mfereji hata mmoja wa kukinga maji ya paa. Maji yalianguka kutoka kwenye mabati kama pazia, yakakusanyika uwanjani, yakatoka getini kuja kwetu. Na getini hapohapo, katika mvua hiyohiyo, tukapishana na wanafunzi wanarudi kutoka bondeni, mabidoni ya njano vichwani, wamelowa, wanahema. Chemchemi ilikuwa bado imefukiwa, kwa hiyo walikwenda kutafuta maji mbali zaidi.

Maji yanawaangukia juu ya paa, yanatoka getini, yanabomoa jiko la Generoza, yanafukia chemchemi, kisha watoto wanashuka mlima kuyatafuta na kuyapandisha tena! Nilimtazama Arlette. Alikuwa amejifunika mdomo. Sikujua kama analia au anacheka, na mimi mwenyewe sikujua ninafanya lipi.

Sista mkuu alitupokea kwa taulo. Arlette hakumhubiria. Alimwomba tu asimame naye barazani. Wakasimama. Watoto wakapita na mabidoni mbele ya lile pazia la maji. Sista aliwatazama, akatazama paa, akatazama watoto tena.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi kila asubuhi naomba mvua isinyeshe wakiwa njiani."

Mifereji ya bati ilikunjwa na mafundi wa ukoo wa Hadji, katika karakana yao nyuma ya msikiti. Hadji mwenyewe alipanda nayo Mushasha, akasimamia kila msumari, akawakera mafundi mpaka wakamwomba arudi dukani. Matangi yakajengwa. Maji yaliyozidi yakachimbiwa mashimo ya kuinywesha ardhi: shimo refu, limejazwa mawe, mbali na ukuta. Mbali na ukuta, vijana! Kuna mtu wa Magarama alisikia habari za mashimo hayo, akachimba lake chini ya dirisha la chumba cha kulala, na sasa nyumba yake ina ufa unaoweza kupitisha barua. Anasema ni mimi niliyemshauri.

Na korongo tulilifanyia kazi polepole, maana korongo halina haraka nawe. Tuliweka vizuizi vya mawe na viroba vya udongo ndani yake, ngazi kwa ngazi, kama alivyonifundisha mzee Liberi. Tukapanda mianzi kwenye kingo na matete chini. Watu wakaendelea kutupa taka humo wakisema wanasaidia kulijaza. Tukaeleza kwamba taka hazishikani, maji yanazibeba zote mpaka Ruvubu. Wakaitikia, wakatupa usiku. Mbuzi wakala matete. Nilifanya uchunguzi kuhusu mbuzi hao, nikawafuata mpaka nyumbani kwao. Walikuwa wa Generoza.

"Generoza! Matete haya ni kwa ajili ya nyumba yako!"

"Mbuzi hawajui, dada."

"Wewe si unajua?"

"Mimi siyali."

Hata hivyo mianzi ilishika. Korongo lilisimama. Chemchemi tuliichimbua, tukaijengea ukuta, na misimu ilipopita maji yake yakaanza kutoka meupe, hata baada ya mvua. Mzee mmoja wa bondeni alinikaribisha kikombe. Nikanywa, na sitawaeleza nilivyojisikia maana mtasema bibi huyu analialia.

Ningependa kuishia hapo. Ni mahali pazuri pa kuishia. Lakini nyinyi mnaingia kazini, na sitawadanganya.

Generoza hatimaye alihama pale chini. Moyo wake ulikataa. Binti yake aliolewa upande wa juu, karibu na Mushasha, akamjengea mama chumba na jiko uani. Mwezi uliopita nilipanda kumtembelea, nikipumzika kila kona kwa sababu ya magoti haya. Nikamkuta amemaliza kuosha vyombo. Akanisalimu kwa furaha, akachukua beseni, na huku akiniuliza habari za mwanangu Deo akatembea mpaka mtaroni, akamwaga: maji ya sahani, maganda ya viazi, majivu ya jiko, na mfuko wa plastiki uliokuwa ukielea juu. Akakung'uta beseni. Akarudi akitabasamu.

"Generoza."

"Ndiyo, dada?"

"Umefanya nini?"

Akatazama beseni. "Nimemwaga maji."

"Wapi?"

"Mtaroni. Si ndiyo kazi yake?"

"Wewe! Wewe, katika watu wote wa Gitega!"

"Ah, ni maji ya sahani tu," akasema, na nikaona kweli haoni kosa.

Nilimshika mkono nikamsogeza hadi ukingo wa barabara, nimwonyeshe. Nikanyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani. Kutoka pale juu huoni chochote. Unaona mabati yanang'aa, migomba, mnara wa msikiti, vilima vya mbali. Korongo halionekani. Bonde halionekani. Hata mahali lilipokuwa jiko lake hapaonekani. Ni mji mzuri, msafi, umetulia. Miaka yote hiyo nilikuwa nawatukana watu wa juu moyoni mwangu, nikidhani wanatuona na hawajali.

Generoza naye alikuwa akitazama. Alitafuta kwa macho kwa muda.

"Ilikuwa wapi ile nyumba yangu?" akauliza.

"Huko. Nyuma ya migomba ile."

"Haionekani."

"Haionekani."

Kisha akanigeukia, amekasirika, beseni kiunoni. "Sasa ulitaka nimwage wapi? Hakuna mtu aliyenionyesha mahali. Sema basi, kapita. Nimwage wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikatafuta jembe, nikalipata, nikaanza kuchimba hatua kadhaa kutoka ukutani, katika gauni langu la kutembelea watu. Akaja akasema pale hapafai, pana kivuli anachopenda kukaa. Tukagombana. Tukahamia upande wa pili. Tukachimba kwa zamu, mmoja anachimba na mwingine anamkosoa, mpaka mikono ikakataa. Maganda tukakubaliana yaende kwa mbuzi.

Shimo liko pale, wazi, na linahitaji mawe makubwa ya kulijaza. Sisi wawili hatuwezi tena kubeba mawe. Nyinyi mna mikokoteni. Generoza amesema mje kesho asubuhi, kabla mvua haijaanza, na atakuwa amepika.